Mahame ya Minecraft: Jinsi Kompyuta Ilivyofundishwa Kujenga Hofu

Tarehe 14 Septemba 2011 wachezaji wa Minecraft walipakua toleo jipya la mchezo huo wa kujenga kwa bloku, wakakuta vijiji. Nyumba za mbao na mawe zilikuwapo, visima vilikuwapo, ngano ilikuwa shambani na mienge ikiwaka juu ya nguzo. Watu ndio hawakuwapo. Kampuni ya Mojang ya Stockholm, Sweden, ilikuwa haijamaliza kuwaunda wanakijiji, ikatanguliza makazi. Wenyeji walihamia Novemba mwaka huo, mchezo ulipotoka rasmi kama toleo la 1.0. Katikati hapo, aliyesafiri katika ulimwengu ule alifika kijiji baada ya kijiji, akafungua mlango mmoja baada ya mwingine, asikute wa kumwitikia hodi.

Hakuna aliyekusudia vijiji vile vitishe. Vilitisha hata hivyo, na kwangu mimi historia yote ya majengo ya kutisha ndani ya mchezo huu imo katika wiki zile chache. Zimwi likikutokea unalikimbia au unapigana nalo, na jambo linaisha. Nyumba iliyoachwa taa zikiwaka haiishi haraka hivyo, maana inakuachia swali: nani alikuwa hapa, na amekwenda wapi? Aliyepita katika magofu ya Gede nje ya Malindi, kati ya msikiti, makaburi na visima vilivyozingirwa na msitu, anaujua uzito huo hata kama hajawahi kushika gemu. Wabunifu wa Mojang walichukua zaidi ya miaka kumi kujifunza kulitengeneza swali hilo kwa makusudi.

Ugumu wao ulianzia kwenye namna ulimwengu wa Minecraft unavyopatikana. Hakuna mtu aliyeuchora. Mchezaji anapoanza, kompyuta huchukua namba moja, inayoitwa mbegu, na kutokana nayo hukokotoa milima, mito na mapango kadiri mtu anavyosogea. Mbegu ileile huzaa ulimwengu uleule. Asili ya hesabu hizo ni kazi ya Mmarekani Ken Perlin, aliyeshiriki kutengeneza filamu ya Tron ya mwaka 1982. Picha za kompyuta za siku zile zilimchosha kwa ulaini wake, akabuni njia ya kuzipa mikwaruzo na madoa kama ya vitu vya asili. Mwaka 1997 alipewa tuzo ya kiufundi ya Oscar kwa ubunifu huo.

Njia ya Perlin ni hodari kwa milima. Mlima ukikosewa kidogo bado ni mlima. Nyumba ikikosewa kidogo, mlango unafungukia ukutani na ngazi zinaishia hewani. Kwa hiyo majengo yalihitaji kanuni zao, mbali na za ardhi.

Markus Persson, aliyeanza kuutengeneza mchezo huu mwaka 2009, alijaribu kwanza kwa piramidi. Mapema mwaka 2010 zilikuwa zikiota nyikani, kubwa kupita kiasi, za matofali matupu. Zilikuwa jaribio la kiufundi tu na ziliondolewa baadaye. Katikati ya mwaka huohuo kikaja chumba cha chini ya ardhi ambacho kipo mpaka leo, na hicho ndicho naona kinastahili kuitwa jengo la kwanza la kutisha la Minecraft.

Ni chumba kidogo. Sakafu yake ya ndani ina bloku tano au saba kila upande. Kuta ni za mawe ya kupangwa, na sakafuni mengi ya mawe hayo yameota ukungu wa kijani. Katikati kuna kizimba cha chuma, na ndani ya kizimba kisanamu cha zombi, cha mifupa au cha buibui kinazunguka katikati ya ndimi za moto; mtu akisogea, kizimba kinaanza kuwatema viumbe hao kwa ukubwa wao kamili. Kandokando huwa na kasha moja au mawili. Basi.

Ufundi umejificha katika kanuni ya mahali pake. Kompyuta inapotafuta pa kukiweka, hukagua kwamba sakafu na dari zimeshika ardhi ngumu, na kwamba kuta zina mianya isiyopungua mmoja wala kuzidi mitano. Pasipo uwazi, chumba hakijengwi. Matokeo yake ni kwamba karibu kila chumba cha namna hii hufungukia pangoni. Mchezaji anatembea na mwenge wake kati ya miamba isiyo na mpangilio, kisha mwanga unaangukia mawe yaliyopangwa kwa mkono. Kabla ya zombi yeyote kuonekana, moyo umeshashtuka, kwa sababu pango halina fundi na ukuta unaye. Sidhani kama kuna mistari michache ya programu iliyowahi kuzaa hofu nyingi kuliko ile.

Sauti nazo zilisaidia. Mjerumani Daniel Rosenfeld, anayejulikana kama C418, alitunga muziki mpole wa mchezo huu, na gizani mchezaji husikia milio ya mbali isiyo na chanzo. Ndani ya makasha ya vyumba vile mtu angeweza kupata sahani ya santuri iitwayo “13”, na akiicheza hasikii wimbo: anasikia mwangwi wa pango.

Mwaka huohuo wa 2010 ilizuka hadithi ya Herobrine, mtu mwenye umbo la mchezaji na macho meupe matupu, anayedaiwa kuonekana kwa mbali ukunguni katika ulimwengu ambao mchezaji yuko peke yake. Mojang haikuwahi kumtia katika mchezo, ingawa kwa miaka mingi ilifanya mzaha wa kuandika katika orodha za mabadiliko kwamba imemwondoa. Zitazame dalili zake kama zilivyosimuliwa: mahandaki yaliyochimbwa kwa upana wa bloku mbili na kimo cha mbili, piramidi ndogo za mchanga katikati ya bahari, miti iliyopukutishwa majani yote. Mzimu mashuhuri kuliko wote wa Minecraft alijulikana kwa ujenzi wake. Vijana walioisambaza hadithi ile walikuwa wameshalielewa jambo ambalo wabunifu wenyewe walilifikia polepole.

Toleo lile la Septemba 2011 lilileta pia machimbo yaliyotelekezwa na ngome za chini ya ardhi. Machimboni kuna reli zinazokatika njiani, nguzo za mbao zilizoshikilia dari, na utando uliojaa buibui wenye sumu. Ngome zina maktaba, seli za gereza zisizo na mfungwa, na chumba chenye lango la kwenda ulimwengu mwingine. Zote mbili zilijengwa kwa hesabu tupu: kompyuta huweka kipande cha kwanza, kisha huchagua kwa bahati nasibu kipi kifuate, korido, ngazi au chumba, hadi nafasi iishe. Njia hiyo ina hitilafu zake. Korido huishia kwenye ukuta, pango hupasua maktaba katikati. Lakini katika ngome hitilafu hizo hugeuka fadhila, kwa kuwa jengo la kale lililopasuka ni la kuaminika zaidi kuliko lililokamilika.

Mwaka 2012, Jens Bergensten akiwa ndiye kiongozi wa ubunifu baada ya Persson, yakaja mahekalu ya jangwani na ya msituni. Hayo ni ya mitego zaidi kuliko ya hofu: hekalu la jangwani lina makasha manne shimoni na kibao katikati, na ukikikanyaga unalipua bloku tisa za baruti. Oktoba mwaka huo, katika toleo lililopangiwa msimu wa Halloween, kikaongezwa kibanda cha mchawi. Nakipenda kwa unyonge wake. Kimesimama kwa nguzo juu ya maji ya kinamasi, na ndani mna chungu kikubwa cha chuma, meza ya kazi, na kikopo cha maua chenye uyoga mwekundu. Kasha la hazina hakina. Mchezaji anapata tu kuona jinsi mchawi anavyoishi, na kwamba hata yeye ana kikopo chake cha maua dirishani.

Mpaka hapo majengo yaliandikwa kama maagizo: weka bloku hii hapa, ile pale, mstari kwa mstari. Mnamo 2016 Mojang ilibadilisha utaratibu. Mbunifu sasa aliweza kuingia ndani ya mchezo, akajenga chumba kwa mikono yake kama mchezaji yeyote, akakihifadhi kizima kama faili, na kompyuta ikabaki na kazi ya kukipanda mahali panapofaa. Fundi alirudishiwa jicho lake.

Tunda la mapema la utaratibu huo ni nyumba ya theluji, iliyokuja Februari 2016. Ukiingia unakuta kitanda, tanuri na zulia. Ni mahali pa kupumzika mtu aliyetoka kwenye baridi. Katika nusu ya nyumba hizo, ukiondoa zulia unakuta kifuniko sakafuni. Chini yake ngazi inashuka kwenye shimo refu jembamba, na mwisho wake kuna chumba cha mawe chenye mtambo wa kupikia dawa na seli mbili za nondo. Katika moja amefungiwa mwanakijiji. Katika nyingine yumo mwanakijiji aliyekwisha kugeuka zombi. Kasha la humo lina tufaha la dhahabu, na dawa iko kwenye mtambo: ndivyo vitu viwili vinavyohitajika kumponya zombi awe mtu tena. Mchezo haukuambii lolote. Aliyekuwa akifanya majaribio pale hayupo, na wewe ndiye umeshika dawa yake.

Jumba kubwa la msituni, lililofika Novemba 2016, lilikuwa na matumaini makubwa zaidi na naona lilipata kidogo. Lina ghorofa tatu, vyumba kadhaa vya siri visivyo na mlango, hata chumba chenye lango la uongo. Lakini wenyewe wamo ndani, na mashoka mkononi. Ukishajua nani anaishi humo, kilichobaki ni vita. Hekalu la chini ya bahari la mwaka 2014 lilikosea kwa namna nyingine, kwa kumrushia mchezaji usoni sura ya mzimu wa samaki ghafla kwenye skrini. Kushtuka ni jambo la sekunde moja.

Hatua ya mwisho ya kiufundi ilikuja mwaka 2019, ilipotolewa bloku maalumu ya kuunganishia vipande. Mbunifu huiweka kwenye kingo za kila chumba na kutaja ni vyumba gani vinaruhusiwa kushikana nacho. Vipande ni vya mkono, mpangilio ni wa bahati nasibu. Bila hiyo lisingewezekana jiji la kale la mwaka 2022.

Jiji hilo liko chini kabisa ya ardhi, katika giza ambalo hata viumbe wa kawaida hawazaliwi. Mlinzi wake, Warden, alitangazwa mwaka 2020 na akaahirishwa mara kadhaa hadi tarehe 7 Juni 2022. Ni kipofu na anasikia kila kishindo. Mchezaji ana pointi 20 za uhai. Warden ana 500, na kwa ugumu wa kawaida pigo lake moja huondoa 30 kwa asiyevaa deraya. Akifa haachi chochote cha maana. Ujumbe ni kwamba usipigane naye. Sakafuni kuna vitu vinavyopiga kelele vikihisi mtikisiko, na kelele ya nne ndiyo inayomwita.

Kilichonishika zaidi ni mazulia. Mahali pengi jijini pametandikwa mazulia na sufu ya kijivu, na katika kanuni za mchezo sufu humeza kishindo cha hatua. Mchezaji huanza kuyatumia kwa kuokoa maisha yake, kisha anang'amua kwamba waliojenga mahali hapa nao walinyata. Walitandika sebule zao na korido zao wakimwogopa huyohuyo. Katikati ya jiji kuna fremu kubwa kama lango, ya jiwe ambalo hakuna zana inayoharakisha kulivunja, na haifungukii popote. Chini yake umefichwa mlango wa chumba chenye mitambo ya kupimia sauti. Makashani mmetawanyika vipande vya santuri nyingine, “5”. Ukiunganisha tisa utasikia mtu akikimbia. Hakuna barua wala maandishi. Samani peke yake ndizo zinazosimulia.

Tangu Februari 2022 kazi hii imefunguliwa kwa kila mtu: mchezaji anaweza kuongeza majengo yake katika uumbaji wa ulimwengu kwa kuandika mafaili, bila kuigusa programu yenyewe. Anajenga vyumba, anaviwekea viungio, kisha anaandika kanuni za uchakavu, kwa mfano kwamba sehemu fulani ya matofali yapasuke na nyingine iote ukungu, ili pasiwe na magofu mawili yaliyochakaa sawasawa. Mwisho anachagua umbali, na hapo wengi huharibu, kwa kuwa mtu aliyejenga kitu kizuri anatamani kionekane kila mahali. Namba za Mojang wenyewe ni somo. Ardhi hugawanywa katika miraba ya bloku 16 kwa 16. Vijiji hutengewa eneo lenye miraba 34 kila upande kwa kila nafasi moja. Jumba la msituni limetengewa 80, na hata hapo hujengwa tu ikiwa nafasi hiyo imeangukia kwenye msitu wa aina maalumu, kiasi kwamba wengi hucheza miaka bila kuliona. Jiji la kale lina 24, ila limezikwa chini ambako asiyechimba hafiki, na anayefika huwa ameshazima mwenge wake na kuanza kunyata.