Biriani haikununua wimbo: John Peel na kuzaliwa kwa muziki wa indi

Mwaka 1983, mtangazaji John Peel wa Radio 1 ya BBC alisema akiwa hewani kwamba njaa inamuuma, na kwamba angefanya lolote apate biriani ya uyoga. Kijana mpiga gitaa aitwaye Billy Bragg alikuwa anasikiliza. Alikwenda mbio kununua biriani, akaifikisha kwenye jengo la BBC jijini London pamoja na santuri yake ya kwanza. Peel akapokea vyote viwili, akapiga wimbo mmoja, tena akaupiga kwa mwendo usio wake. Santuri ilitengenezwa izunguke mara 45 kwa dakika. Yeye aliizungusha mara 33, sauti ya Bragg ikatoka nzito na ya kukokota kama ya mtu aliyekurupushwa usingizini. Kisha akawaambia wasikilizaji kuwa wimbo huo angeupiga hata bila biriani.

Anayejua jinsi nyimbo zinavyoingia redioni ataona uzito wa kauli hiyo. Hata kwetu malalamiko ni ya siku nyingi: bila kumpa mtangazaji chai, kibao chako kitaozea kwenye droo. Peel alikaa Radio 1 miaka 37, na mtaji wake ulikuwa mmoja tu: msikilizaji aliamini kuwa sikio lile halinunuliki.

Jina lake halisi lilikuwa John Ravenscroft. Alizaliwa mwaka 1939 karibu na Liverpool, mtoto wa mfanyabiashara wa pamba. Mwaka 1960 alikwenda Dallas, Marekani, na huko Marekani ndiko alikojifunzia utangazaji. Aliporudi mwaka 1967 alipata kazi Radio London, kituo cha maharamia, yaani kisicho na leseni, kilichorusha matangazo kutoka kwenye meli iliyotia nanga nje ya pwani ya Essex. Agosti mwaka huo sheria mpya ikavibana vituo vya aina hiyo. BBC ikafungua Radio 1 tarehe 30 Septemba, na baadhi ya watangazaji wake wakawa maharamia wale wale. Peel alikuwa mmoja wao.

Mlango wa Maida Vale

Wakati huo BBC haikuwa na ruhusa ya kupiga santuri kutwa kucha. Makubaliano na chama cha wanamuziki na kampuni za kurekodi yaliiwekea kikomo cha saa. Pengo hilo lilizibwa kwa kuita bendi studio, hasa zile za Maida Vale, ambako kwa siku moja bendi ilirekodi nyimbo nne hivi kwa ajili ya kipindi. Peel aliifanya dharura hiyo kuwa mlango wa wasio na mkataba. Kwa miaka yake yote, rekodi hizo zilipita 4,000, za wanamuziki zaidi ya 2,000. The Smiths walipita hapo mwaka 1983, kabla ya albamu yao ya kwanza. The Fall waliitwa mara 24. Jarvis Cocker wa Sheffield alimkabidhi kaseti mkononi mwaka 1981, akiwa na miaka 18, na bendi yake Pulp ikarekodi mwaka huo huo. Taifa lilikuja kuwatambua miaka 14 baadaye.

Nje ya BBC mambo yalikuwa yanageuka. Mwanzoni mwa 1977 Buzzcocks, bendi ya Manchester, walikopa pauni 500 hivi, wakatoa wenyewe nakala 1,000 za santuri yao Spiral Scratch. Ziliisha, zikachapwa nyingine. Vijana wengine wakaona kumbe kampuni kubwa si lazima. London magharibi, duka la Rough Trade lililofunguliwa na Geoff Travis mwaka 1976 likawa mahali pa kuzipeleka santuri za vijana hao na kuzisambaza. Januari 1980 santuri hizo zikapata chati yao. Hapo ndipo jina indi, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, lilipoota mizizi. Mwanzoni lilijibu swali la nani amegharimia santuri. Kufikia 1986, gazeti la NME lilipotoa kaseti ya bendi 22 iliyoitwa C86, lilikuwa limeanza kumaanisha mlio fulani wa magitaa.

Usiku wa Septemba

Lakini santuri 1,000 zilizorundikwa chumbani hazijiimbi. Zilimfikia Peel kwa posta, vifurushi kwa vifurushi, naye alizipiga kuanzia saa nne usiku, hata akasoma hewani anwani za kuziagizia.

The Undertones, vijana wa Derry, Ireland Kaskazini, walirekodi wimbo wa Teenage Kicks mwaka 1978 kwa lebo ndogo ya Terri Hooley, mwenye duka la santuri Belfast. Hooley aliuzungusha London, kampuni zikaukataa. Septemba hiyo Peel aliupiga, ulipoisha akaupiga tena papo hapo. Muda si mrefu kampuni ya Marekani, Sire, ikawapa mkataba.

Sikio hilo halikuishia Uingereza. Mwaka 1986 yeye na mwenzake Andy Kershaw waliwapigia debe Bhundu Boys wa Zimbabwe, ambao santuri zao nchini Uingereza zilitolewa na lebo ndogo ya DiscAfrique. Mwaka uliofuata walifungua maonyesho ya Madonna katika uwanja wa Wembley.

Leo kazi hiyo ya kuchagua hufanywa pia na mashine: tangu mwaka 2015, kila Jumatatu Spotify, huduma ya muziki mtandaoni, humwandalia mteja orodha ya nyimbo kutokana na alizokwisha kuzisikiliza. Ni mtumishi mwema, anajua unachopenda. Peel hakukuuliza unapenda nini. Alikupigia kilichomkamata yeye jana, ukichukie au ukipende.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 2004 akiwa mapumzikoni Cusco, Peru, na miaka 65. Nyumbani kwake Suffolk aliacha maelfu kwa maelfu ya santuri. Zile kubwa alizipa namba, kila moja na kadi yake iliyopigwa taipu. Kando palikuwa na sanduku la mbao lenye santuri ndogo 143 alizozitenga. Baadhi ya majina yaliyomo yanajulikana dunia nzima. Mengine hata mpenzi wa muziki atakuna kichwa. Wote hao hawakuleta biriani.