Königsberg, Maparoni na kelele za mtandao

Leo naweka pembeni habari za testi na bumu, nawapeleka Maparoni. Kama hupajui, ni kata ya visiwa na mikoko kwenye delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Sisi wa historia tunaijua delta hiyo kwa manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha humo mwaka 1914. Kumbe hata watu wa hesabu wana somo lao pale.

Tarehe 6 Julai 1915 Waingereza waliingia mtoni na meli mbili, Severn na Mersey. Mikoko iliwaziba, shabaha hawaioni. Wakategemea ndege iliyotokea Mafia: mtazamaji anaangalia kombora limeangukia wapi, anatuma masahihisho kwa redio, herufi moja moja za Morse. Tatizo, meli zote mbili zilifyatua kwa pamoja. Yule wa juu akashindwa kujua hili la nani, lile la nani. Makombora zaidi ya 600 yakaisha, Königsberg bado inaelea, na mabaharia wa Mersey wamekufa.

Tarehe 11 wakarudi, safari hii wakipiga kwa zamu. Ujumbe ukaeleweka. Ndege ilipigwa, lakini mtazamaji Arnold aliendelea kutuma masahihisho huku rubani Cull akiishusha mtoni. Wote wawili walipona. Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe.

Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon akaliwekea jambo hili hesabu. Kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake, nacho kinategemea vitu viwili: upana wa masafa, na nguvu ya ishara ukiilinganisha na kelele. Chukua laini ya simu ya zamani: upana hezi 3,000, ishara inazidi kelele mara 1,000. Hapo mwisho ni kama biti 30,000 kwa sekunde. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata kama 3,000 tu za ziada. Ila ukiongeza upana mara mbili, na ishara ikizidi kelele kwa uwiano ule ule, spidi nayo inakuwa mara mbili.

Yaani kupiga kelele zaidi hakusaidii sana. Ndo maana simu yako inaonyesha mistari yote usiku halafu faili haliji: ishara ipo, ila upana mnagawana hosteli nzima. Tukienda kufundisha vita vya 1915, jamani, tusiishie kwenye mizinga. Hizo herufi za Morse nazo ziliamua nani afe.