Benga ya Ukambani na Siri ya Vali

Machakos ni nchi ya benga ya Kikamba. Miaka ya 1970, Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliivumisha benga hiyo mbali, gitaa la solo likiongoza.

Usafi wa sauti ya gitaa la umeme una historia yake. Mwaka 1927, Mmarekani Harold Black wa Bell Labs alibuni mrejesho hasi: sehemu ya sauti inayotoka kwenye ampilifaya hurudishwa kinyume mwanzoni, na mkwaruzo hupungua.

Katika ampilifaya ya vali, yaani balbu za utupu zinazokuza sauti, rizista ya kathodi isiyo na kapasita sambamba nayo hufanya kazi hiyo kwenye hatua ya vali moja. Ukuzaji hupungua, sauti husafika.

Ampilifaya ya Fender Twin Reverb ilichukua mrejesho hasi kutoka upande wa spika. Vox AC30 ya Uingereza haikufanya hivyo, ikakwaruza mapema.