Mapasa walioacha sheria: masomo yao yalienda wapi?



Kuna swali moja tunaulizwa nyumbani kisha kupata diplome: "Ulisoma hii, juu ya nini unafanya ile?" Mimi nimesoma agronomia na kwa sasa niko nauza yunite, basi ninalisikia kila juma. Njo maana leo nataka tuangalie historia ya mapasa wawili wa Marekani, Keith na Kenny Lucas, wanaoishi kwa kuchekesha watu.

Walizaliwa mwaka 1985, katika mji wa Newark, jimbo la New Jersey. Kwetu Kasaï wangeitwa Mbuyi na Kabanga, kule Bushi Cikuru na Cito. Newark haikuwa mahali pa kucheka. Mwaka 1967, polisi walimpiga dereva mmoja mweusi wa taksi, na mji ukawaka moto siku kadhaa. Watu 26 walikufa. Mwaka 1971 rais Nixon alitangaza kwamba madawa ya kulevya ni adui nambari moja wa nchi. Miaka iliyofuata, magereza yalijaa watu weusi kutoka mitaa kama ile. Baba ya hawa mapasa naye alifungwa, wao wakiwa watoto, na mama akabaki na mzigo wa kuwalea.

Walisoma. Kwanza walienda The College of New Jersey, kisha kila mmoja akaenda kusoma sheria kwenye chuo kikubwa: Kenny New York University, Keith Duke. Kule Marekani shule ya sheria ni miaka mitatu juu ya diplome ya kwanza, na wanafunzi wengi wanaimaliza na madeni. Hawa wawili waliiacha yote, tena karibu na mwisho, wakaenda kuchekesha watu katika vilabu vya New York. Wazia mama yako anapokea habari ile. Tena si mara moja: mara mbili, siku za namna moja!

Wakiwa jukwaani wanasimama pamoja, nguo za kufanana, miwani ya kufanana, sauti za polepole kama watu walioamka sasa hivi. Mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimaliza. Mwaka 2013 walipata katuni yao kwenye televisheni, Lucas Bros. Moving Co., na mwaka 2014 wakaonekana katika filamu 22 Jump Street.

Lakini sherti tuangalie kile wanachosema. Mwaka 2017 Netflix ilitoa onyesho lao, On Drugs. Ndani yake wanamcheka Nixon na vita yake juu ya madawa. Wanacheka sheria iliyopita nyumbani kwao. Hapo njo unaona kwamba masomo hayakutupwa.

Kisha ikaja filamu Judas and the Black Messiah, mwaka 2021. Inaeleza juu ya Fred Hampton, kijana wa miaka 21 aliyeongoza Black Panthers kule Illinois. Polisi walimuua ndani ya nyumba yake Chicago, tarehe 4 Desemba 1969, kisha William O'Neal, mtu aliyemwamini, kuwapa FBI ramani ya nyumba ile. Sisi tunaojua ya Lumumba na Mobutu, hatuhitaji kufafanuliwa sana. Mapasa wa Lucas walikuwa kati ya walioleta wazo la filamu hiyo kwa mwongozaji Shaka King, na majina yao yaliingia katika orodha ya waliopendekezwa kwa Oscar ya hadithi. Hawakuipata ile, lakini filamu ilipata mbili zingine.

Sisemi watu waache shule. Historia inatuonyesha waliofika. Wale walioacha sheria wakabaki bila kitu, hakuna anayewaandika. Na hawa walikuwa wawili: mzaha ukianguka, kuna mtu wa kutazamana naye. Wengi wetu hatuna pasa.

Ninachosema ni hiki. Mkulima akivuna maharagi, akaacha mizizi na majani shambani, azoti inabaki katika udongo, na mahindi ya musimu unaofuata yanaila. Jirani anayepita anaona mahindi tu, anasema maharagi yalikuwa kazi bure. Watu wengi waliwaona mapasa wa Newark vile vile: wachekeshaji, basi. Udongo waliotokea hawakuuona.

Sasa nawauliza ninyi: somo gani la unif limewasaidia mahali ambapo profesa hakupawazia kamwe? Kwangu ni hesabu za takwimu. Zilikuwa za kupima mavuno ya mihogo. Leo zinaniambia siku gani ninunue yunite nyingi.