XP za Mji wa Kale zilikosa viraka kabla ya 2014

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kila wiki naulizwa swali lile lile: je, kompyuta yangu sasa imekufa? Kabla sijajibu, turudi kidogo kwenye Windows XP na saiba za Mombasa, maana hadithi ile husimuliwa nusu.

Husimuliwa hivi: XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001, Microsoft wakaihudumia mpaka 8 Aprili 2014, kisha wakaacha, na aliyebaki nayo akawa hatarini. Kwenye karatasi ni sawa. Lakini ukiuliza saiba za Kibokoni, Makadara au Ndia Kuu, huduma hiyo nyingi zao haikuwahi kuzifikia.

Piga hesabu mwenyewe. Agosti 2004 Microsoft walitoa Service Pack 2, furushi kubwa la viraka ambalo pia liliwasha kinga ya mtandao kwenye kila mashine. Faili nzima ilikuwa kama megabaiti 266. Wakati huo Kenya haikuwa na waya wa intaneti wa chini ya bahari hata mmoja. Mawasiliano ya nje yalipita kwenye setilaiti, tena kwa bei ya kuumiza. Saiba yenye laini ya kilobiti 64 kwa sekunde ingehitaji zaidi ya saa tisa kuishusha, na hapo uombe asiwepo mteja hata mmoja anayesoma barua pepe. Mteja mwenyewe analipa kwa dakika. Nani angemshawishi mwenye saiba afunge mlango siku nzima, ashushe kitu ambacho mteja hakioni?

Kulikuwa na mambo mengine mawili ambayo hayahusu kasi. XP nyingi zilitoka kwenye CD za kunakili. Wenye nakala hizo walizima masasisho ya kiotomatiki kwa hofu ya kugunduliwa, hasa mwaka 2006 ulipoanza kutokea ule ujumbe wa kukwambia kwamba huenda programu yako ni bandia. Cha kusikitisha ni kwamba viraka vya usalama viliendelea kutolewa hata kwa nakala hizo, kwa njia ile ile ya kiotomatiki waliyoizima. Watu walijifungia mlango uliokuwa wazi.

La pili ni Deep Freeze. Waliofanya kazi saiba wataikumbuka. Inaigandisha diski: mteja akichafua mashine, wewe unaizima na kuiwasha, inarudi kama ilivyokuwa asubuhi. Niliipenda sana, na nimeiweka kwenye mashine nyingi tu. Lakini ilifagia uchafu pamoja na kiraka. Usipoiyeyusha kwanza, ukaweka masasisho, halafu ukaigandisha upya, mashine ya 2005 inaamka 2005 kila siku. Sijaona wengi waliokuwa wakifanya hivyo, na mimi sikuwa miongoni mwao.

Halafu nyaya zikaja. TEAMS ulifika Mombasa Juni 2009, SEACOM ukawashwa tarehe 23 Julai mwaka huo huo, na EASSy ukafuata 2010. Kwa mara ya kwanza kiraka kingeweza kushuka wakati unakunywa vikombe viwili vitatu vya kahawa chungu. Lakini kilichotangulia kufika ni Conficker. Kirusi hiki kilianza kuenea Novemba 2008 kupitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu 23 Oktoba. Kilisafiri kwa mtandao na pia kwa flashi, na saiba flashi haikosi: kila mtu anakuja nayo kuchapisha.

Kwa hivyo, tangu nyaya kufika mpaka huduma ya XP kukoma, ilikuwa chini ya miaka mitano. Hicho ndicho kipindi chote ambacho saiba ya kawaida ya kisiwani ingeweza kuhudumiwa kweli.

Baada ya 2014 viraka vya XP havikukoma, vilianza kuuzwa tu. Serikali ya Uingereza ililipa takriban pauni milioni 5.5 kwa mwaka mmoja wa ziada. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry ilipolipuka, kesho yake Microsoft wakatoa kiraka cha XP bure kwa wote. Wataalamu walipokikagua, saini yake ilionyesha kilikuwa tayari tangu Februari. Kilikuwa kimeshonwa na kukunjwa kabatini, kikisubiri mwenye kulipa.

Hata hivyo, kwa hesabu za Kaspersky, karibu 98% ya mashine zilizonaswa na WannaCry zilikuwa Windows 7, toleo ambalo wakati ule bado lilihudumiwa, na kiraka chake kilitoka Machi. XP nyingi ziliishia kwenye skrini ya buluu kabla ya kirusi kufanya kazi yake.

Kilichoitoa XP saiba ni vivinjari. Chrome iliiacha Aprili 2016, na Firefox ikamaliza 2018. Miaka hiyo hiyo kazi ya saiba ilihama kutoka barua pepe na gumzo kwenda iTax na eCitizen. Mashine isiyofungua eCitizen haikupi hata ya chai. XP ikasogezwa kona, bila waya wa mtandao, ikichapisha kadi za harusi. Pale haikuwa na ubaya.

Sasa swali la Windows 10. Safari hii waya upo, tatizo ni chuma: Windows 11 inataka TPM 2.0 na prosesa za kuanzia kama 2018, na laptopu nyingi za mtumba ni kuukuu kuliko hapo. Microsoft walifungua mpango wa viraka vya ziada mpaka 13 Oktoba 2026, lakini lazima ujiandikishe. Ukishindwa, weka Linux. Kama ni ya kuchapisha tu, chomoa mtandao.

Juzi nililetewa laptopu moja, mwenyewe ana wasiwasi mkubwa na hiyo Oktoba 2025. Nikafungua historia ya masasisho. Kiraka cha mwisho kilikuwa cha Machi 2021. Tukaanzia hapo.