Kurejelewa na Athari

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Juni, wahariri wa majarida ya kisayansi husubiri namba moja. Watafiti huitazama kabla ya kuamua wapeleke wapi makala zao, kamati za ajira huitazama kabla ya kuwaita waombaji, na kwa daktari aliyetumia miaka kadhaa kuendesha jaribio moja la tiba, namba hiyo inaweza kuamua kama atapanda cheo au la. Kwa Kiingereza inaitwa “impact factor”. Anayeifasiri neno kwa neno hufika kwenye “kigezo cha athari”. Naomba tuliache jina hilo, na sababu yangu kubwa inatoka wodi ya watoto.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua makala zote ambazo jarida lilichapisha katika miaka miwili iliyotangulia. Hesabu ni mara ngapi makala hizo zimetajwa mwaka huu katika marejeo ya makala nyingine. Gawanya idadi ya kutajwa kwa idadi ya makala. Jarida lililotoa makala 200 zikatajwa mara 1,000 linapata 5. Katika hesabu hiyo hayumo mgonjwa hata mmoja, wala dawa, wala mwongozo wa tiba uliobadilishwa. Kinachohesabiwa ni waandishi kuwataja waandishi wenzao.

Aliyeanzisha mambo haya ni Eugene Garfield, Mmarekani aliyetaka kufuatilia jinsi wazo la kisayansi linavyosafiri kutoka makala moja hadi nyingine. Alilieleza wazo lake katika jarida la Science mwaka 1955, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yeye na Irving Sher wakaitumia hesabu hiyo kuchagua majarida ya kuingiza katika faharasa yao kubwa ya marejeo. Wakutubi nao waliipenda, maana iliwasaidia kuamua jarida gani linastahili kulipiwa. Kilikuwa kifaa cha maktaba. Kuhamia kwake katika faili la mwajiriwa kulikuja baadaye, na hapo ndipo jina lilipoanza kudai zaidi ya kinachopimwa.

Maana wastani wa jarida hausemi lolote kuhusu makala moja iliyomo. Mwaka 2009 jarida la elimu ya fuwele, Acta Crystallographica sehemu A, lilipanda kutoka karibu 2 hadi karibu 50. Makala moja tu ndiyo iliyolipandisha: ile ya George Sheldrick kuhusu programu zake za kuchambua miundo ya fuwele, iliyotajwa maelfu ya mara. Waliochapisha humo pamoja naye walijikuta wana makala katika jarida la kifahari bila mtu kuwasoma zaidi ya awali.

Tena kutajwa si kusifiwa. Mwaka 1998 The Lancet ilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Ilifutwa mwaka 2010. Imetajwa mara nyingi mno, na wengi walioitaja walikuwa wanaipinga. Hesabu huwajumlisha wote pamoja. Athari yake halisi ilionekana Uingereza, ambako wazazi wengi waliacha kuwapeleka watoto kuchanjwa na surua ikarudi.

Hapo nimelitumia neno athari, na nadhani hakuna msomaji aliyekwama. Limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya alama inayobaki kitu kikishapita, na katika Kiswahili cha kila siku limeelemea upande wa mabaya: athari za mafuriko, athari za dawa za kulevya. Hata linapotumika kwa mema, linataka kitu kilichoguswa na kikabadilika. Mto umefurika, shamba limesombwa. Hiyo ni athari. Makala kutajwa na makala nyingine ni jambo jema kwa mwandishi, lakini bado hakuna kilichosombwa wala kilichopona.

Sasa twende wodini. Jaribio ambalo madaktari wengi wa watoto wa Afrika Mashariki wanalijua kwa jina ni FEAST. Kabla yake, vitabu vya tiba vya nchi tajiri viliagiza hivi: mtoto akifika na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu, akiwa amelegea au anahema kwa shida, atundikiwe dripu mara moja na maji yaingizwe kwa kasi ili damu izunguke. Agizo hilo lilionekana la akili ya kawaida. Lakini halikuwa limewahi kupimwa kwa jaribio kubwa miongoni mwa watoto wenye maambukizi makali katika hospitali zisizo na chumba cha wagonjwa mahututi. Kathryn Maitland, daktari wa watoto Mwingereza ambaye kazi yake ameifanyia Kilifi kwa miaka mingi, Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere, na wenzao, wakaamua kulipima.

Walitumia hospitali sita: Kilifi kwa Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor kwa Uganda, na Teule ya Muheza kwa Tanzania. Watoto waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu. Wa kwanza walipewa maji yenye protini iitwayo albumini kwa kasi, wa pili maji ya chumvi kwa kasi, na wa tatu, kundi linganishi, walipewa maji ya kawaida ya polepole pamoja na tiba nyingine zote walizopewa wenzao. Watoto wenye utapiamlo mkali na wenye kuhara hawakuingizwa, na jambo hilo lishikwe vizuri na yeyote anayesoma hapa: mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara ni habari nyingine, na maji anayahitaji.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia data ilisimamisha uandikishaji. Watoto 3,141 walikuwa wameshaingia, kati ya 3,600 waliokusudiwa. Katika saa 48 za kwanza walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa dripu ya kasi. Yaani katika kila watoto 100 waliotundikiwa maji ya kasi, walifariki watatu zaidi. Hospitali zilikuwa zimefanya walichofundishwa watu wote wema, na kumbe zilikuwa zinawapunguzia watoto nafasi ya kuishi.

Makala ilitoka mwaka huohuo katika New England Journal of Medicine, jarida ambalo kwa namba ile ya Juni liko miongoni mwa ya juu kabisa duniani. Ilitajwa tangu siku za mwanzo na inatajwa hadi leo. Kwa mizani ya majarida, kazi ilikuwa imekwisha kufanya alichotaka mtafiti yeyote.

Wodini mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Wapo walioamini mara moja. Wapo waliosema watoto wengi wa jaribio walikuwa na malaria, kwa hiyo matokeo hayawahusu wenye maambukizi ya bakteria. Wengine wakasema dalili zilizotumika kuwachagua zilikuwa pana mno. Kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani kilichotolewa mwaka 2013 hakikuyafuata matokeo hayo. Mwaka 2014 Kiguli na wenzake waliandika katika jarida la BMJ kuuliza kwa nini ushahidi huo umeachwa nje. Mwongozo wa shirika hilo uliobadilika kwa sababu ya ushahidi huo ulitoka mwaka 2016. Miaka mitano makala ilirejelewa kwa wingi huku agizo la zamani likiendelea kusimama kwenye kitabu ambacho tabibu wa wilayani anakifungua usiku wa manane.

Linganisha na jaribio jingine lililofanyika karibu wakati huohuo, AQUAMAT, lililopima artesunate ya sindano dhidi ya kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Kilifi na Muheza zilikuwamo. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, wa artesunate asilimia 8.5. The Lancet ilichapisha matokeo mwishoni mwa mwaka 2010, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Majarida mawili makubwa, majaribio mawili mazuri, watoto wa Afrika. Moja lilifika kwenye mwongozo ndani ya muda mfupi, jingine likachukua miaka mitano. Nadhani kuambiwa “tumia dawa hii badala ya ile” ni rahisi kupokelewa kuliko kuambiwa “acha ulichokuwa ukifanya kwa mikono yako”. Wastani wa jarida haukuweza kutabiri tofauti hiyo, kwa kuwa haukuundwa kuiona.

Waingereza wenyewe wamejikwaa hapa. Katika tathmini ya utafiti wa vyuo vikuu vyao ya mwaka 2014 waliingiza alama maalumu, asilimia 20, kwa mabadiliko ambayo utafiti umeleta nje ya chuo: katika afya, sheria, uchumi, maisha ya watu. Mwaka 2021 wakaipandisha hadi asilimia 25. Wakaliita jambo hilo kwa neno lilelile la “impact”. Mtafiti wao sasa anaweza kuandika neno hilo mara mbili katika ukurasa mmoja, mara ya kwanza likihesabu marejeo, mara ya pili likieleza wagonjwa. Sisi hatuna deni la kulibeba tatizo hilo, kwa sababu istilahi yetu bado haijaganda.

Ninayopendekeza ni haya. Namba ya jarida iitwe wastani wa kurejelewa. Sichagui “kunukuliwa”, maana kunukuu kwetu ni kuchukua maneno ya mtu kama yalivyo, na wanaotaja makala ya FEAST mara nyingi hawanukuu hata sentensi moja, wanairejelea. Atakayelalamika kwamba jina ni refu akumbuke kwamba tulikubali “mfumuko wa bei” na leo muuza nyanya analitumia.

Ipo pia namba ya pili, ya mtu binafsi, iitwayo “h-index” kwa Kiingereza, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Mtafiti mwenye 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Tayari tunayo fahirisi ya bei katika taarifa za takwimu, kwa hiyo fahirisi h ya kurejelewa haitamshangaza mtu. Ila anayeitumia kumpima mtafiti wa majaribio ya tiba ajue inavyomwonea. FEAST iliandikisha watoto kwa miaka miwili, mchana na usiku, katika nchi tatu. Makala yake kuu, hata irejelewe mara elfu kadhaa, katika fahirisi hiyo ni moja. Mwenzake aliyeandika makala kumi ndogo kutoka kwenye mafaili ya hospitali anaweza kumpita, na muuguzi aliyetafuta mshipa wa mtoto saa tisa usiku haonekani kabisa.

Azimio la San Francisco, lililoandaliwa na wahariri na wachapishaji mwishoni mwa mwaka 2012, liliwataka waajiri na wafadhili wasitumie wastani wa jarida kupima ubora wa makala moja au wa mtu. Ni agizo zuri, na kwa Kiswahili lingeeleweka mara moja kama namba ingekuwa na jina lake la haki.

Neno athari nalo libaki na kazi yake. Fomu ya kupandishwa cheo kwa mtafiti wa tiba ingekuwa na safu mbili zilizoachana. Ya kwanza: makala imetoka wapi, imerejelewa mara ngapi. Ya pili: mwongozo gani umebadilika, mwaka gani, na katika hospitali zipi mwongozo huo unafuatwa. Safu hiyo ya pili mtafiti hataweza kuijaza akiwa mezani kwake. Itabidi aende kumuuliza muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto dripu zinaendeshwa kwa kasi gani siku hizi.