Skolashipu za Michezo Marekani: Kuanzia Nyambui Mpaka Dogo wa Kahama

Kuna meseji inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu, kuanzia Shinyanga mjini, Kahama, mpaka Geita. Inasema kama una kipaji cha mbio, kikapu au mpira, kuna chuo Marekani kinakusubiri, utasoma bure, utakula bure, utalala bure. Chini yake kuna namba ya wakala. Na wakala, kama kawaida, anaanza na ada ndogo ya fomu, halafu ya kushughulikia faili, halafu mzee nyumbani anaanza kuhesabu ng'ombe.

Majina ya waliolizwa hatutaji, ni ndugu zetu na wanajijua. Ila historia ya hizi skolashipu ina majina, ina miaka, na ndani yake kuna majibu ambayo wakala hawezi kukupa. Twende taratibu.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja. Watu wa kanda hii hatuhitaji kufundishwa maana ya kulipwa kwa kipaji. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao Williamson aligundua almasi yake mwaka 1940, ulikuja kuwa na timu iliyobeba jina lake. Pamba ya Mwanza, mabingwa wa Tanzania mwaka 1990, walitokana na zao la pamba, zao la wazee wetu. Geita Gold walipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, nyuma yao kukiwa na halmashauri ya mji na fedha za mgodi. Msimu huohuo mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Kote huko kanuni ni ileile: mwenye pesa anataka kitu, na akiacha kukitaka, au pesa ikikata, mchezaji anabaki na viatu vyake mkononi.

Skolashipu ya michezo ya Marekani ni ndugu wa damu wa mfumo huo. Tofauti ni kwamba huku unalipwa mshahara, kule unalipwa darasa.

Sasa mlango huu ulifunguliwaje kwa Waafrika Mashariki? Haukuanza na miguu, ulianza na vichwa. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alizunguka Marekani kutafuta nafasi za vyuo na nauli za ndege, na wanafunzi 81 wakapaa mwaka huo. Mwaka 1960 taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000 kusaidia safari zilizofuata, na vijana wa nchi nyingine za ukanda huu wakaingia, Watanganyika wakiwemo. Wengi walipokelewa na vyuo vidogo ambavyo hata Wamarekani wenyewe wengine hawavijui.

Halafu ikaja Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Wakenya wakabeba medali mpaka makocha wa vyuo vya Marekani wakakaa vizuri kwenye viti. Ghafla barua zikaanza kuruka kuja Nairobi.

Na sio vyuo vikubwa tu vilivyowahi. Robert Ouko na Julius Sang walikwenda North Carolina Central, chuo cha Wamarekani weusi pale Durham, chini ya kocha LeRoy Walker. Mwaka 1972 kule Munich wawili hao walikuwemo kwenye timu ya Kenya iliyochukua dhahabu ya mita 400 kupokezana vijiti. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 kwenye michezo hiyohiyo, alisoma Eastern New Mexico, chuo kilicho katika mji mdogo, mbali na kamera. Akaendelea na shule mpaka akapata udaktari wa falsafa, akarudi Kenya kufundisha chuo kikuu. Mkumbuke Boit, tutamrudia.

Sasa tuje kwetu. Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, Mara, jirani zetu kabisa wa Kanda ya Ziwa, alichukuliwa na University of Texas at El Paso, watu wanaiita UTEP, mpakani na Mexico. Kocha pale alikuwa Ted Banks, na huyu jamaa alikusanya Waafrika kama mtu anayesajili timu ya ndondo yenye zawadi ya ng'ombe. Alikuwa na Watanzania, Wakenya na Waafrika Kusini. Gidamis Shahanga, aliyekuwa bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, alipita hapo. Zakaria Barie pia.

Mwaka 1980 Nyambui alichukua fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Alikuwa na miaka 27 na bado ni mwanafunzi wa chuo. Mwaka huohuo akashinda taji la mbio za nyika za vyuo vyote vya Marekani. Mwaka 1981 UTEP wakashinda mbio hizo kama timu kwa pointi 17. Kwenye nyika unajumlisha namba walizomalizia wakimbiaji wako watano wa kwanza, na mwenye jumla ndogo anashinda. Ukichukua nafasi zote tano za mwanzo unapata 15. Wao walipata 17. Hiyo sio timu, hiyo ni kufuru.

Kule Washington State nako kocha John Chaplin alikuwa na Wakenya wake. Mmoja ni Henry Rono, ambaye mwaka 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Rekodi nne! 

Hapa ndipo wakala wako anapofunga kitabu. Sisi tufungue ukurasa unaofuata.

Mwaka 1973, katikati ya msimu huu wa mavuno, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vya Marekani, kilibadilisha kanuni ya skolashipu. Kabla ya hapo chuo kiliweza kukuahidi miaka minne. Baada ya hapo ikawa mwaka mmoja mmoja. Kila msimu ukiisha, chuo kinaangalia kama kinakuhitaji tena. Hali ikabaki hivyo karibu miaka 40, mpaka mwaka 2012 vyuo viliporuhusiwa tena kutoa ahadi ya zaidi ya mwaka mmoja, wakitaka.

Fikiria sasa mkimbiaji kutoka Majita au Nandi Hills, maelfu ya kilomita kutoka kwao, karatasi yake ya shule inaisha kila mwaka. Akiumwa goti, anasema? Kocha akimwambia akimbie mashindano mawili kwa siku moja ili timu ipate pointi, anakataa? Unaona mwenyewe.

Rono ndiye somo chungu zaidi. Kenya iligomea Olimpiki ya 1976 na ile ya 1980, kwa hiyo hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Pombe ikamkamata, pesa zikaisha, na mtu aliyekuwa na rekodi nne za dunia akaja kubeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege kule Marekani. Alifariki mwaka 2024. Sisemi chuo ndicho kilichomwangusha. Nasema mfumo ulimhitaji miguu, na miguu ilipochoka hakukuwa na mtu kwenye mkataba mwenye kazi ya kumuuliza anaendeleaje.

Na wenyeji nao hawakukaa kimya. Chuo cha Howard, cha Wamarekani weusi, kilichukua ubingwa wa soka wa mwaka 1971 kikiwa na wachezaji wengi wa kigeni, halafu NCAA wakawavua. Howard wakaenda mahakamani, na mahakama ikaona kanuni moja iliyowabana wageni kwa umri ilikuwa ya kibaguzi. Lakini malalamiko hayakuisha. Makocha walisema wale sio wanafunzi, ni watu wazima waliokomaa wanaoshindana na watoto. Kwenye miaka ya 80 ikaja kanuni ya kubana umri kwa kila mtu: ukishatimiza miaka 20, mwaka wa mashindano unaocheza kabla ya kuingia chuo unakula mwaka wako wa kucheza chuoni. Kimaandishi inamhusu kila mtu. Kiuhalisia ilimgonga nani? Kijana wa Afrika aliyechelewa kumaliza shule kwa sababu ya ada.

Haya, tuje kwenye pesa yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa.

Mkubwa wa meza kwenye michezo ya vyuo Marekani ni mpira wao, ule wa helmeti na mabega ya plastiki. Kwa miaka mingi timu ya daraja la juu ya mpira huo iliruhusiwa skolashipu 85 kamili. Wanaume wa riadha kwenye vyuo hivyohivyo? 12.6. Ndiyo, kumi na mbili nukta sita, za kugawana wakimbiaji, warukaji na warushaji wote. Mwaka 2025 makubaliano ya mahakamani yalibadilisha mambo kwa vyuo vikubwa vilivyoyakubali: kikomo cha skolashipu kikaondolewa, badala yake kukawekwa kikomo cha idadi ya wachezaji. Lakini kuondoa kikomo sio kuleta pesa.

Shuka kwenye vyuo vidogo. Daraja la pili la NCAA mpira wa helmeti una nafasi sawa na skolashipu 36 kamili. Chama cha vyuo vidogo, NAIA, ni 24. Daraja la tatu ni sifuri, hakuna skolashipu ya michezo kabisa. Na timu moja inaweza kuwa na vijana zaidi ya 100. Kwa hiyo kocha anakata keki. Huyu robo, yule nusu, yule anapewa vitabu tu.

Kwa nini chuo kidogo kinahangaika na vijana 100 kama pesa hakina? Kwa sababu kila anayepewa robo analipa robo tatu. Timu inajaza mabweni na madarasa. Mchezaji anadhani amesajiliwa, kumbe ni mteja. Ni kama kwenye duara la dhahabu: unaambiwa una mgao, ila mgao unahesabiwa baada ya gharama, na gharama hukuandika wewe.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme chuo ni dola 40,000 kwa mwaka, ada, chakula na bweni. Wakala anapiga simu: "Umepata skolashipu!" Hajadanganya, umepata robo. Dola 30,000 zinazobaki ni zako. Kwa dola moja ya shilingi 2,500 hiyo ni milioni 75, kwa mwaka mmoja, na mwaka kesho tena. Ng'ombe wangapi hao?

Mimi simkatishi tamaa mtu. Mlango upo na unapitika. Hasheem Thabeet alitoka Dar, akachezea University of Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua namba mbili kwenye NBA. Mkenya Wesley Kiptoo alianzia Colby, chuo kidogo cha miaka miwili kule Kansas, akapanda mpaka Iowa State na kuwa bingwa wa vyuo wa ndani ya ukumbi mwaka 2021. Vyuo vidogo vinaweza kuwa ngazi. Ila ngazi unaikagua kabla ya kupanda.

Kwa hiyo dogo wa Kahama, mambo ya kushika ni haya. Ofa ya kweli inatoka chuoni kwa maandishi, na ndani yake kuna kiasi cha pesa, sio neno "full". Uliza ni ya mwaka mmoja au minne, na ukiumia inakuwaje. Kabla ya viza chuo kitakutumia fomu inaitwa I-20. Isome yote, maana imeandikwa gharama za mwaka na nani analipa kiasi gani. Kama jina la mzazi wako lipo kwenye upande wa kulipa, basi hiyo ndiyo skolashipu yako halisi. Na wakala akikwambia atachukua asilimia ya skolashipu akikupatia, kimbia, maana NCAA hawaruhusu malipo ya namna hiyo na unaweza kupoteza sifa ya kucheza.

Halafu kuna Boit, nilisema tutamrudia. Medali yake ilikuwa shaba, sio dhahabu. Rekodi nne za siku 81 hakuwa nazo. Lakini alielewa mapema kwamba kwenye ule mkataba kitu pekee ambacho chuo hakiwezi kukunyang'anya msimu ukiisha ni kilichoingia kichwani. Nyambui naye baada ya mbio aliendelea kuwa kocha, na akaja kuwa katibu mkuu wa chama cha riadha nchini. Wote wawili walikimbia kwa ajili ya kocha na chuo, kweli, lakini walihakikisha na wao wanaondoka na chao.

Mbio unawapa wao. Darasa chukua wewe. Likikosekana darasa, hiyo sio skolashipu, ni kibarua cha ugenini, na vibarua hata Geita vipo.